Mwili Mmoja, Majina Mawili

Somo la mwezi huu ni kwa watu wa ndoa, na kwa vijana ambao matangazo yao ya ndoa yamesomwa au yako karibu kusomwa. Wajane nao walisome. Mbele wataona sababu. Tafadhali weka Biblia yako karibu. Sitanakili maneno ya Maandiko hapa. Nitataja sura na mistari tu, nawe ufungue usome mwenyewe, na kama inawezekana msome wawili.

Jambo lenyewe lilinianzia msibani. Mama mmoja wa mtaa wetu alifariki, mtu mzima, aliyeshiriki Meza ya Bwana kwa zaidi ya miaka 40. Usiku ule nilikaa kuandaa ibada ya mazishi, nikafika mahali ambapo padre hulitaja jina la marehemu mbele ya Mungu. Nikakwama. Sisi sote tulimjua kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Fulani, basi. Nikamwuliza mzee wa kanisa, hakujua. Nikawauliza akina mama wenzake wa Umoja, waliokaa naye kila Alhamisi wakishona na kuomba, wakatazamana. Mwanawe akaniletea kitambulisho chake. Kilikuwa na jina la kwao na jina la mumewe, lakini la ubatizo halikuwamo. Alfajiri tukafungua kile kitabu cha zamani cha ubatizo kilichoko sakristia, na baada ya kupekua sana tukalipata, kwa wino uliofifia: jina la mtakatifu, tarehe, na majina ya wadhamini wake. Nilipolitamka kaburini, watu waligeuka kutazamana, kana kwamba tunamzika mtu mwingine.

Tangu siku hiyo swali halijaniacha. Mtu anapoolewa, au anapooa, yule aliyebatizwa huenda wapi?

Nisieleweke vibaya. Kumwita mtu Mama Fulani au Baba Fulani ni heshima yetu, na ni heshima nzuri. Hata Hawa alipewa jina lake kwa ajili ya uzazi (Mwanzo 3:20). Kosa halimo katika kuongeza jina. Kosa huingia pale jina moja linapolimeza jingine, hata mwenyewe akasahau kuitika. Mke wangu humu mtaani huitwa Mama Padre, nami kwa mazoea nikaanza kumwita hivyo hata mezani. Siku moja akaniuliza kama akiniita "Baba wa Mama Padre" nitaitika. Tulicheka, lakini wali ulinikwama kidogo kooni.

Aliyeulizwa kanisani

Tuanze na ibada yenyewe ya ndoa, kwa kuwa wengi wetu tunakumbuka pete na vigelegele kuliko maneno. Katika utaratibu wa Kiingereza wa mwaka 1662, ambao ndio shina la vitabu vyetu vya sala, padre humwuliza kwanza mwanamume, kwa jina lake, kama yu tayari kumtwaa huyu kuwa mke wake. Anajibu mwenyewe. Kisha padre humgeukia mwanamke, naye humwuliza kwa jina lake. Anajibu mwenyewe. Baba yupo, mjomba yupo, mshenga yupo, mahari yamekwisha kutolewa yote. Hakuna hata mmoja wao anayeruhusiwa kumjibia. Akinyamaza, padre hana la kufanya, ibada itasimama pale pale. Swali la nani anayemtoa bibi arusi huja baadaye, akiwa amekwisha kujibu. Fikirini maana yake: anayetolewa ni mtu aliyekwisha kusema "ndiyo" yake.

Ni kweli katika kitabu kile kile bibi arusi aliahidi kutii na bwana arusi hakuahidi, na siku hizi vitabu vingi vya sala vya Kianglikana vimeziweka ahadi hizo sawasawa kwa wote wawili. Lakini hata zamani, katika ule utaratibu mkali, Kanisa halikumfungisha ndoa mtu asiye na sauti yake. Kisha wote wawili hutia sahihi katika kitabu, kila mmoja kwa mkono wake au kwa dole gumba lake.

Basi sasa tuje kwenye neno linalotumiwa vibaya, yaani "mwili mmoja" (Mwanzo 2:24). Wengi hulisoma kana kwamba wawili wanakuwa mtu mmoja, na kwa desturi mtu huyo mmoja huwa mume. Rudini nyuma mistari michache, 2:18. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa msaidizi ni ezer, na neno hilo hilo hutumika kwa Mungu mwenyewe anapowasaidia watu wake. Tazameni Zaburi 33:20 na 121:2. Kwa hiyo si neno la kitumishi. Na lile neno linalofuata lina maana ya aliye mbele yake, wa kumkabili uso kwa uso. Huwezi kutazamana uso kwa uso na mtu uliyemmeza.

Safira na saa tatu zake

Kama kuna watu wa ndoa katika Agano Jipya walioelewana sana, ni Anania na Safira (Matendo 5:1–11). Waliuza mali yao, wakapatana kuficha sehemu ya fedha, wakapatana na uongo wa kusema. Mume akaenda kwanza, akaanguka. Baada ya saa tatu hivi akaja mke, hajui lililotukia.

Hapa ndipo nawaomba mtulie. Petro hakusema, "Mumeo amekwisha kuhukumiwa, nawe ni mwili mmoja naye." Alimwuliza yeye mwenyewe bei ya kiwanja kile. Lilikuwa swali la haki, na lilikuwa mlango uliofunguliwa. Katika dakika ile Safira angeweza kusema kweli. Hakuna aliyemzuia, hata mumewe hakuwapo. Alijibu kama walivyopatana, akaanguka naye.

Nimewasikia walimu wakilifundisha somo hili kuwa ni juu ya sadaka tu. Ni juu ya ndoa pia. Safira alikuwa mwili mmoja na Anania, lakini ulimi ulikuwa wake, na dhamiri ilikuwa yake. Mbele za Mungu mke hatajificha nyuma ya "baba ndiye aliyesema", wala mume hatajificha nyuma ya "mama watoto ndiye aliyenishauri" (Adamu alijaribu neno hilo, Mwanzo 3:12, halikumfaa kitu).

Linganisheni na watu wengine wa ndoa wa kitabu hicho hicho, Akila na Priska, ambaye Matendo humwita Prisila. Wametajwa mara 6 katika Agano Jipya, na mara zote 6 wametajwa wote wawili, kila mmoja kwa jina lake. Katika mara 4 kati ya hizo jina la mke limetangulia (Matendo 18:18 na 26, Warumi 16:3, 2 Timotheo 4:19). Walishona mahema pamoja, walimpokea Paulo pamoja, walimfundisha Apolo pamoja. Sijui ndoa nyingine katika Biblia iliyoungana kwa kazi kiasi hicho, na bado Paulo alipotuma salamu hakuandika "Akila na mkewe". Alimjua Priska kuwa ni Priska.

Na Yoana je? Luka 8:3 anatuambia kwamba alikuwa mke wa Kuza, wakili wa Herode. Mume anakula mshahara wa Herode, mke anamfuata Yesu na kumhudumia kwa mali yake. Luka hatuambii Kuza alionaje, nami sitabuni. Lakini asubuhi ya Ufufuo Yoana yuko kwenye habari ile, kwa jina lake mwenyewe (Luka 24:10).

"Padre, na Waefeso 5 umeisahau?"

Sijaisahau, kila nikifundisha somo hili kuna mzee mmoja hunyosha mkono, nami humshukuru. Waefeso 5:22 huwaambia wake wawatii waume zao. Basi someni na mstari wa 21 uliotangulia, ambao huwaambia Wakristo wote wanyenyekeane, kisha msome mistari mingi zaidi inayowahusu waume, wanaoambiwa wapende kama Kristo alivyolipenda Kanisa mpaka kufa. Mume anayetaka kuutumia mstari wa 22 na alipe kwanza deni la mstari wa 25.

Lakini fungu linalonifundisha zaidi ni 1 Petro 3:1–2. Petro anawaambia wake watii, ndiyo. Anasema na nani? Na wanawake ambao waume zao hawajaliamini Neno. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyeishi karne ile ile ya mitume, aliwashauri maharusi kwamba mke asiabudu miungu mingine ila ile ya mumewe. Ndivyo watu wenye adabu walivyofikiri siku zile. Sasa hapa kuna wanawake waliokwisha kuvuka mpaka huo. Wanalala nyumba moja na waume wao, wanapika, wanatii, lakini Bwana wa roho zao si yule wa mume. Petro hawaambii wamwache Kristo ili kuwe na amani nyumbani. Utii anaoufundisha ni utii wa mtu mwenye imani yake mwenyewe, si wa kivuli. Paulo naye asema hivyo hivyo juu ya ndoa za namna hiyo, 1 Wakorintho 7:12–16.

Kujikana si kukanwa

Hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo watu wema hukosea.

Bwana wetu alitufundisha kujikana nafsi (Marko 8:34). Kwa hiyo mama mmoja anayepoteza kila kitu chake katika ndoa huambiwa na mashemeji, na hata na sisi viongozi wa dini, "Vumilia, huo ndio msalaba wako." Ndugu zangu, kujikana ni tendo la mwenye nafsi. Ni yeye anayejikana. Mtu mwingine akikukana, akikunyima sauti yako, rafiki zako, sala zako, huko si kujikana, ni kukanwa. Bwana alisema wazi kwamba hakuna aliyemwondolea uhai wake. Aliutoa mwenyewe (Yohana 10:18). Na kabla ya kuwaosha wanafunzi miguu, Yohana anaona ni lazima atuambie jambo moja: Yesu alijua ametoka wapi na anakwenda wapi (Yohana 13:3–5). Alijijua, ndipo akatwaa kitambaa. Asiyejijua anaweza kutumika maisha yake yote, lakini kwa hofu au kwa mazoea. Ni vigumu kuitoa zawadi usiyoishika mkononi.

Wako watakaosema naleta ubinafsi wa kizungu. Sivyo. Nafsi na ubinafsi ni vitu viwili. Anayeficha mshahara, anayenunua kiwanja kimyakimya na kujenga kwa siri, anayesema "mimi ni mimi" kila akiombwa msaada na mwenzake, huyo hana somo hapa, arudi kwa Anania.

Niwape kisa, nami nimeruhusiwa kukisimulia bila majina. Mume na mke walinijia juu ya kuuza shamba la michungwa ili kumlipia kijana wao ada ya chuo. Shamba lilikuwa la mke, alirithi kwa baba yake. Mume ni mtu mwema, mcha Mungu, hanywi, hapigi. Alieleza hesabu yote vizuri. Nikamgeukia mke: "Na wewe mama, unaonaje?" Akajibu, "Kama alivyosema baba." Kwa kawaida ningeendelea. Siku ile sijui ni Roho gani aliyenizuia, nikamwita kwa jina lake la ubatizo, nikamwuliza tena, nikanyamaza. Alikaa kimya muda mrefu, akisokota ncha ya khanga. Halafu akasema, "Padre, tangu siku ile uliyoniuliza mbele ya altare sijaulizwa hivi tena."

Kumbe katika shamba lile, upande wa juu, kuna kaburi la baba yake. Miezi mitatu walikuwa wakizungumza bei, na mume hakujua kwamba kila bei ikitajwa mwenzake anaona kaburi linauzwa. Hakuwa amekatazwa kusema. Alijifundisha tu kwamba mke mwema hana lake. Mume aliinamisha kichwa. Sitasahau alichosema: "Nimeishi na nani miaka hii yote?" Waliuza nusu ya chini, ile isiyo na kaburi, na ada nyingine wakakopa.

Angalieni kwamba aliyepata hasara kwa ule unyamavu hakuwa mke peke yake. Mume naye aliishi bila mwenzi wa kumkabili. Alikuwa akisema na mwangwi wa sauti yake.

Na kwa kuwa habari ni ya shamba, nigusie sheria ya nchi, maana wengi hawaijui. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 56, humpa mke haki ile ile aliyo nayo mwanamume ya kupata mali, kuishika na kuitoa. Kifungu cha 58 chasema kwamba ndoa yenyewe haibadili mwenye mali, isipokuwa wenyewe wamepatana vingine. Kifungu cha 66 chakataza mume au mke kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani zahesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Uingereza, ambako Kanisa letu lilitoka, ilibidi wangoje hadi sheria ya mwaka 1882 ndipo mke aweze kushika mali yake kwa jina lake kama asiyeolewa. Jirani zetu Waislamu wa pwani hawakungoja hivyo. Kwao mwanamke akiolewa hubaki na jina la baba yake na mali yake. Kuchukua jina la mume si amri ya Biblia. Anayependa na achukue, lakini asidhani yameandikwa mahali.

Umoja wa Mama ulianzaje?

Akina mama wetu wamevaa nembo ya Umoja miaka mingi, lakini sina hakika kama wote wanakijua kisa chake. Mary Sumner alikuwa mke wa padre katika kijiji cha Old Alresford, Uingereza. Mwaka 1876 aliwaita wanawake wa mtaa wake, matajiri kwa maskini, wazungumze juu ya kulea watoto. Walipofika, alishikwa na woga, hakuweza kusema neno, akawaomba warudi wiki ya pili. Wakarudi, akasema. Mwaka 1885, kwenye mkutano wa Kanisa huko Portsmouth, askofu mmoja aliyetakiwa kuwahutubia wanawake akamwachia yeye nafasi, na kutoka hapo Umoja ukaenea hata ukafika kwetu.

Siku zile huko kwao mke aliandikwa kwenye barua na matangazo kwa jina la mumewe lote, hata jina la kwanza. Mumewe, George, baadaye akawa askofu. Watu wangeweza kumjua Mary kama mke wa askofu tu, ikaisha. Lakini hakuwa na wito wa mumewe. Alikuwa na wake, na mumewe hakuuonea wivu. Naomba waume wa mtaa huu waliangalie hilo la mwisho. Tunaye mama aliyekuwa sauti ya kwanza katika kwaya kabla hajaolewa, na sasa ni miaka hajaimba. Nilimwuliza mumewe kama alimkataza. Akashangaa sana: hakumkataza kamwe. Ila hakumwuliza pia.

Na waume?

Mume naye hupotea, ila kwa njia nyingine. Yeye hupotelea mfukoni. Huitwa Baba wakati wa ada, wakati wa kodi, wakati wa msiba, na hafahamiki kwa lingine. Nimewatembelea wastaafu wawili watatu wanaokaa barazani kama wageni katika nyumba walizozijenga wenyewe. Watoto wakipiga simu huomba kuongea na mama. Hakuna anayejua kwamba mzee huyu alipokuwa kijana alipenda kuchonga vinyago, au alitaka kuwa mwinjilisti. Hata yeye hajakumbuka siku nyingi. Enyi wake, waulizeni.

Katika mambo ya nyumbani sitaki kuweka sheria. Kwa baadhi ya makabila yetu mke kumtaja mumewe kwa jina ni utovu wa adabu, nami sitamvunjia mtu adabu yake. Lakini kujua jina la ubatizo la mwenzako, na kumwombea kwa jina hilo, hakuvunji mila ya mtu yeyote. Wale wenye majina ya watakatifu, sikukuu zao zimo katika kalenda ya Kanisa. Chai yenye mandazi siku hiyo yatosha. Tena Paulo amewaachia watu wa ndoa nafasi ya kutengana kwa muda, kwa kupatana, ili wapate kusali (1 Wakorintho 7:5). Mtume anajua kwamba hata mume na mke kila mmoja ana mlango wake wa kumwendea Mungu, na mwenzake hukaa nje akingoja.

Nimeulizwa sana na vijana juu ya simu: je, mume na mke wafunguliane kila kitu? Naona faragha na siri si kitu kimoja. Abigaili alikwenda kumlaki Daudi bila kumwambia Nabali, maana nyumba nzima ingekufa kabla ya kucha. Lakini kesho yake, mume alipolevuka, alimwambia yote (1 Samweli 25:18–19, 36–37). Kama yale unayoyafunika hutaweza kumwambia hata kesho, hiyo ni siri. Lakini anayempekua mwenzake kila usiku kama askari wa forodha, huyo naye hajaoa, ameweka mahabusu.

Kwa wajane

Niliahidi kuwaeleza. Wako waliofiwa wanaoniambia, "Padre, sasa mimi si kitu. Nilikuwa mke wa fulani." Huzuni hiyo ni halali, wala sitaki kuipunguza. Naomi alilia hata akataka jina lake libadilishwe (Ruthu 1:20), na bado kitabu kile chaendelea kumwita Naomi mpaka mwisho. Lakini someni Luka 2:36–38. Ana aliishi na mume miaka 7 tu, kisha ujane mrefu hata umri wa miaka 84. Luka atupa jina lake, jina la baba yake Fanueli, kabila lake Asheri, na kazi yake, kwamba alikuwa nabii. Jina la marehemu mumewe hakulitaja. Si kwamba hakumpenda. Ni kwamba Mungu alikuwa bado ana neno na Ana.

Na Bwana mwenyewe, alipoulizwa habari za yule mwanamke wa waume 7, atakuwa mke wa nani katika ufufuo, alijibu kwamba huko hawaoi wala hawaolewi (Marko 12:18–25). Masadukayo walitaka kujua ni wa nani. Hawakuuliza yeye ni nani.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Msiniletee majibu, haya ni yenu wawili.

Jina la ubatizo la mwenzako ni lipi, na lilitoka wapi? Alibatizwa wapi, na nani alisimama kuwa mdhamini wake?

Kabla hamjaoana, mwenzako alipenda kufanya nini ambacho sasa hafanyi? Aliacha kwa hiari, kwa kukatazwa, au kwa kutoulizwa?

Lini mara ya mwisho mlitofautiana juu ya jambo kubwa, na kila mmoja akasema mawazo yake mpaka mwisho bila kukatizwa?

Kitabu cha ubatizo kitafunguliwa sakristia Jumapili mbili zijazo baada ya Misa. Mwenye kutaka kutazama jina lake au la mzazi wake aje amwone katibu, na kama anajua mwaka, hata kwa kukisia, auandike kwenye karatasi kwanza, kwa kuwa majina ni mengi na kurasa za mwanzo zimeanza kuraruka.